Sakafu ya Pili

Mwanamvita hakumwamini mtu asiyeomba kitu. Tunduma kila mtu anaomba. Wapiga debe wanaomba, madalali wanaomba, wabadilisha fedha wanaomba kwa macho tu, na hata mbuzi wa sokoni wana namna yao ya kukutazama mpaka ukawaachia ganda la ndizi. Sasa mtu aje nyumbani kwako, akae kwenye kochi lako, akatae chai, akatae soda, akatae hata maji, halafu aseme hataki chochote! Huyo si bure. Huyo anataka kitu kikubwa kuliko chai.

Mtu mwenyewe alikuwa mwalimu. Aliitwa Scola, mwenyeji wa Isansa, mfupi, mwenye viatu vya kamba na sauti ya pole kama ya muuguzi wa zamu ya asubuhi. Kila Jumatano mchana aliwakusanya kwenye ukumbi wa kata vijana wenye ulemavu waliomaliza shule wakabaki majumbani. Hakuwafundisha kusoma wala kuhesabu, hayo walikwishafundishwa. Alichowafundisha, kwa maneno yake, ni kujiamulia.

"Kujiamulia nini?" Mwanamvita aliuliza siku hiyo ya kochi.

"Mambo yao, Mama Raudha. Kazi ya kufanya, mahali pa kuishi, nani wa kuwa rafiki. Mtoto akishakua..."

"Raudha wangu mahali pa kuishi anapo. Ndipo hapa ulipokaa."

Mwalimu Scola akageuka taratibu kumtazama binti aliyekuwa amekaa mkekani, miguu yake myembamba ameikunja ubavuni. "Raudha, wewe unasemaje?"

"Anasema hivyo hivyo," Mwanamvita akajibu.

"Samahani mama, nimemuuliza Raudha."

Mwanamvita akashangaa. Miaka yote hiyo, hospitali, shuleni, msikitini, ofisi ya kata, watu walimuuliza yeye. Mama Raudha, anaumwa wapi? Mama Raudha, anakula nini? Mama Raudha, anasikia huyu? Naye alijibu yote, tena haraka, kabla mtoto hajafedheheka. Polio ilimpitia Raudha akiwa anatambaa, ikamwacha anatambaa. Baba yake, dereva wa malori, alifariki mtoto hajaanza shule. Mwanamvita ndiye aliyembeba mgongoni kumpeleka darasani mpaka walimu wakawa wanamcheka kwamba naye atapewa cheti. Mtu aliyebeba hivyo anaambiwaje kwamba hakuulizwa?

Alipoondoka yule mwalimu, Mwanamvita alisimama mlangoni akamsindikiza kwa jicho mpaka alipokata kona. "Huyu," akajisemea, "ana lake jambo."

Ili uelewe kwa nini moyo wake uliruka moja kwa moja kwenye ubaya, lazima uijue kazi yake na uijue baiskeli ya Raudha.

Kazi yake ilikuwa kanga na mashuka. Mzigo ulitoka Kariakoo kwa basi, ukapanda mpaka Tunduma, na wanunuzi wake walikuwa ng'ambo, Nakonde, akina mama wa Zambia waliopenda kanga za Tanzania kuliko walivyopenda ushuru wake. Kati ya Tunduma na Nakonde kuna kizuizi, na kwenye kizuizi kuna maofisa, na ofisa anafungua kila furushi. Ila jambo moja. Akija mtu kwenye baiskeli ya miguu mitatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, ofisa moyo unamlegea. Anainua mkono: pita mwanangu, pita, pole. Hakuna anayemwambia mlemavu ainuke akaguliwe kiti. Watu wa Tunduma wanalijua hilo kama wanavyojua njia ya kwenda sokoni, na wapo wanaoishi kwalo.

Basi Mwanamvita alipokwenda Mlowo kwa fundi Ambilikile kumchongeshea binti yake baiskeli, aliagiza sanduku la bati chini ya kiti, na ndani ya sanduku akaagiza sakafu ya pili. Ukifungua kifuniko unaona madaftari ya shule na chupa ya maji. Ukiinama nyuma ya gurudumu, ukavuta kishikizo kidogo kilichofichwa na rangi, linatoka droo bapa lililojaa kanga. Fundi Ambilikile hakuuliza la nini. Fundi wa Mlowo haulizi.

Kwa Mwanamvita hiyo haikuwa dhambi hata kidogo. Riziki ya mtoto imepita kwenye kiti cha mtoto, ubaya uko wapi? Kila Jumamosi Raudha alizungusha mikono yake, akavuka, akarudi. Ada ya shule ilitoka humo, sare ilitoka humo, na lile kochi alilolikalia mwalimu wa watu lilitoka humo humo.

Wiki chache baada ya kuanza darasa la Scola, Raudha akasema, "Mama, sibebi tena."

"Hubebi nini?"

"Kanga. Sitaki tena."

Hakusema kwa hasira. Alisema huku anachambua mchele, kama mtu anayekwambia chumvi imekwisha. Mwanamvita akafoka, akalia, akamkumbusha mgongo wake na cheti cha walimu. Binti akaendelea kuchambua mchele.

Lingeishia hapo, Mwanamvita angesema ni utoto, utapita. Lakini halikuishia. Jumamosi iliyofuata Raudha akaitoa baiskeli kama kawaida, akaondoka bila mzigo wa mama, akarudi alasiri. Na Jumamosi nyingine hivyo hivyo. "Ulikuwa wapi?" "Kwenye mambo yangu." Halafu likaja kufuli. Kufuli jipya, la njano, kwenye kifuniko cha sanduku, na ufunguo wake kwenye uzi shingoni mwa Raudha, ndani ya blauzi.

Mtoto uliyemzaa, uliyemwogesha, leo anakufungia sanduku ulilolichongesha wewe! Mwanamvita alilitazama lile kufuli likampa homa.

"Mama Raudha, dada yangu," Enesi alimwambia asubuhi moja. Enesi aliuza mihogo ya kukaanga jirani na genge la Mwanamvita la kanga, na hakuna gurudumu lililovuka mpaka asilione. "Binti yako Jumamosi nilimwona Nakonde. Yupo na vijana wa huko, wanacheka hao! Nikasema, aa, mama yake kamtuma."

"Ndiyo, nilimtuma," Mwanamvita akadanganya, na kikaango cha Enesi kikaendelea kulia chuuu, kama kinamzomea.

Kuanzia hapo akili yake ilifanya hesabu ambayo mama wa Dodoma au wa Lindi asingeifanya, maana haijui. Mama wa huko angehofia mwanamume. Mwanamvita alihofia mzigo. Raudha anavuka kila Jumamosi. Habebi vya mama yake. Sanduku lina kufuli. Basi anabeba vya nani? Na nani aliyemtia maneno ya kukataa vya mama yake, akaipata nafasi yote ya droo peke yake? Ndiye yule yule asiyekunywa chai. Kujiamulia! Ama kweli, neno zuri la kufunikia bidhaa.

Jumatano ikafika, akaacha genge kwa Enesi, akaenda mpaka nyuma ya ukumbi wa kata. Madirisha yalikuwa ya juu, akapanda juu ya tofali. Sauti hakuzipata vizuri, maana jirani palikuwa na mashine ya kusaga, lakini macho yake yalimtosha.

Katikati ya ukumbi walikuwa wamefunga kamba kutoka kiti hadi kiti. Kijana mmoja asiyeona alisimama kando ya kamba, amevaa kofia ya kiofisa, mkono ameuinua. Vijana wengine walikaa wakitazama. Na upande wa pili wa kamba, Raudha, binti yake, akazungusha baiskeli polepole mpaka mbele ya kofia ile, akasema jambo, akaligonga sanduku lake kwa kiganja. Yule wa kofia akajibu. Scola akatikisa kichwa, hapana, siyo hivyo, akamrudisha nyuma. Raudha akaja tena. Akasema tena. Safari hii Scola akapiga makofi, na ukumbi mzima ukapiga makofi, na kamba ikateremshwa.

Mwanamvita nusura aanguke kwenye tofali.

Kizuizi! Anawafundisha kupita kizuizi! Tena kwa mazoezi, kama wanajeshi! Yeye alimfundisha Raudha kwa neno moja tu, "nyamaza, tazama chini," na huyu mwalimu amefungua chuo kizima. Vijana kumi na kitu, kila mmoja na ulemavu wake, kila mmoja na huruma ya maofisa mfukoni. Akawaza magunia ya mchele, madumu ya mafuta, simu kutoka Dar. Akawaza, na hili ndilo lililomchoma, kwamba Scola ana akili kuliko yeye.

Angeweza kwenda polisi, lakini aseme nini? Analijuaje hilo droo? Akarudi gengeni na siri yake tumboni.

Usiku wa Ijumaa, wakila ugali na maharage, Raudha akaweka tonge chini. "Mama, Januari naenda chuo. Mbeya. Chuo cha ufundi, kufuma na kushona. Nimeshapata nafasi."

"Nani kakutafutia?"

"Nimejitafutia. Madam Scola alinionyesha pa kuulizia tu."

Kumbe! Kumbe ndiyo hatua ya pili. Kwanza uchukue sanduku, halafu uchukue mtoto mwenyewe. "Mbeya nani atakusukuma kwenye matope? Nani atakuchotea maji? Nani atakujua ukiumwa?"

"Nitaomba mtu. Nitamlipa mtu. Nitajua mwenyewe nikiumwa, mama, mimi ndiye ninayeumwa."

"Huendi."

"Sikuwa naomba ruhusa," Raudha akasema, na sauti ikamtetemeka kidogo, maana hakuwa jiwe. "Nilikuwa nakuaga mapema ili uzoee."

Mwanamvita hakulala. Aliogopa, na hofu yake ilikuwa ya kweli. Nyumba bila mlio wa ile baiskeli ukutani ingekuwa kaburi. Alimwona Raudha ameanguka kwenye mtaro wa Mbeya watu wanapita. Lakini mwanamke wa biashara hofu yake haikai peke yake, hutafuta mkono wa kushika kitu. Akiweza kumshika Scola na ushahidi mkononi, mambo yote yatakwisha, darasa litafungwa, chuo kitasahauliwa, na Raudha atajua ni nani anayempenda na ni nani anayemtumia. Mwivi hushikwa na mwivi mwenziwe, ndivyo wazee walivyosema, na Mwanamvita hakuona aibu kujiweka kwenye methali hiyo.

Alfajiri, Raudha akiwa bafuni, akainama nyuma ya gurudumu. Kufuli lilikuwa la kifuniko, kishikizo cha droo hakina kufuli. Akalivuta droo. Akategemea kukuta mchele wa mtu, au simu. Likatoka jeupe, tupu, limefutwa vumbi.

Bado hawajapakia, akasema moyoni. Watapakia njiani. Akatia humo doti za kanga zake nzuri, mzigo wa wiki nzima, amezifunga kwa ukanda mwekundu kama afungavyo siku zote, akalirudisha droo. Mpango wake ulikuwa hivi: atamfuata Raudha mpaka ng'ambo. Atakayevuta droo lile atakuta kanga za Mwanamvita, na Mwanamvita atatokea pale pale na kumkaba. Na ikiwa hakuna atakayevuta, basi kanga zitakuwa zimevuka bure, na mnunuzi wake yupo Nakonde anasubiri. Mtego na mzigo safari moja. Niambie ni nani mwingine duniani angewaza hivyo asubuhi ile, ila mfanyabiashara wa Tunduma.

Akaazima nikabu kwa jirani, yeye ambaye hajawahi kufunika hata pua, akatoka nyuma ya binti yake.

Jumamosi mpakani ni fujo. Malori yamepanga foleni tangu mlimani, mikokoteni inapenya, wabadilisha fedha wanapunga mabunda, vumbi limekaa hewani halitaki kushuka. Raudha alizungusha mikono yake akapita kati ya malori bila kumwomba mtu njia, akisema tu, "Kaka, gurudumu! Kaka, mguu wako!" na watu wakasogea. Mwanamvita alijificha nyuma ya mkokoteni wa vitunguu. Macho yake yalimtafuta Scola. Kila mwanamke mfupi alikuwa Scola. Scola hakuwepo.

Hakuna aliyepakia kitu njiani. Hakuna aliyemsimamisha. Baiskeli ikafika kwenye kizuizi cha ng'ambo, na Mwanamvita akasubiri auone ule mkono wa siku zote ukiinuka, pita mwanangu, pole.

"Mwashibukeni, ba Raudha!" akaita ofisa mmoja kijana, mrefu, akimwamkia kwa Kibemba huku akicheka.

Mwanamvita akakaza masikio. Alikuwa amefanya biashara na watu wa ng'ambo miaka mingi kiasi cha kujua kwamba hilo "ba" haliwekwi mbele ya jina la mtoto. Linawekwa kwa mtu mzima, mtu wa heshima yake. Na jina la binti yake hawa maofisa walilijulia wapi?

"Mwashibukeni mukwai," Raudha akaitikia, akitia na hiyo mukwai yao ya heshima. "Habari za kazi?"

"Nzuri. Pita tu, leo foleni ndefu."

"Hapana, mukwai. Nikague kama wenzangu."

"Wewe kila Jumamosi hivi hivi!" Ofisa akacheka, lakini akaja. Raudha akautoa ufunguo kwenye blauzi, akafungua kufuli la njano, akainua kifuniko. Ndani mlikuwa na vitambaa vya makochi, vya kufumwa kwa mkono, vyeupe na vya rangi ya damu ya mzee, kila seti kwenye nailoni yake. Mwanamvita alivijua vidole vilivyofuma vitambaa vile. Mwaka uliopita Raudha alifuma seti ya kwanza, na yeye Mwanamvita, kwa furaha, akamgawia mteja wake mkubwa kama nyongeza ya kanga. Hakumuuliza mwenye kufuma. Ilikuwa imemtoka akilini kabisa mpaka dakika hiyo.

"Vya saluni ya ba Mwila?"

"Ndiyo. Na hivi vya gesti. Ushuru wake nitalipa pale dirishani kama siku zote." Raudha akafunga kifuniko. "Na chini."

"Aa, chini hakuna kitu, najua."

"Tazama," Raudha akasema. Mkono wake ukashuka nyuma ya gurudumu, ukakamata kishikizo, ukavuta.

Kanga zikamwagika. Ukanda mwekundu ulikuwa umelegea kwa mtikisiko wa njia, doti zikateleza moja juu ya nyingine mpaka mavumbini, za njano, za kijani, zenye maua na zenye majina. Watu wa foleni wakasema, "Eee!" Ofisa kijana uso ukambadilika.

"Ba Raudha. Hizi ni nini?"

Raudha aliinama, akaokota ule ukanda mwekundu, akalitazama fundo lake. Fundo lile alilifungua kila Jumamosi tangu akiwa mtoto. Hakugeuka nyuma hata kidogo, lakini Mwanamvita, kule nyuma ya vitunguu, aliiona shingo ya binti yake ikikauka.

Akaja ofisa mwingine, mzee, Mnamwanga wa huko huko, Kiswahili chake cha kuvuta. "Mwacheni huyu. Huyu katumwa. Mwanangu, wewe tuambie tu ni nani kakutuma, uende zako. Sisi hatukushiki wewe."

Mlango huo hapo, umefunguliwa. Mwanamvita akajikuta anaomba moyoni: sema umetumwa, mama. Sema hukujua, lia kidogo, tazama chini kama nilivyokufundisha. Utapita.

Raudha akainua kidevu.

"Mzee wangu, mimi sikutumwa. Mimi siyo mtoto wa kutumwa. Vitambaa ni vyangu, nimevifuma mimi. Kanga siyo zangu na sikuzitia mimi. Mwenyewe kama yupo hapa, atasema mwenyewe. Kama hayupo, zichukueni, na mimi nichukueni, kwa sababu baiskeli ni yangu na ilinipasa niitazame kabla sijatoka nyumbani."

Ofisa mzee akakuna kichwa. Alizoea watu kulia, kuapa, kupiga magoti. Hili hakuwa na dawa yake. "Basi itabidi uingie ofisini," akasema, na ilionekana hakupenda.

"Nitaingia," akasema Raudha, akaanza kuigeuza baiskeli kuelekea huko.

Mwanamvita alitazama huku na huku kwa mara ya mwisho amtafute Scola. Alimhitaji sana Scola wakati ule. Angetokea tu, mkono wake uwe kwenye droo, dunia ingerudi kukaa sawa. Hakutokea. Palikuwa na binti mmoja kwenye jua, anazungusha mikono kwenda kujibu kosa lisilo lake, na palikuwa na mwizi mmoja tu mpakani pale, naye amefunika uso kwa nikabu ya kuazima.

Aibu ilimpanda toka miguuni. Angeweza kugeuka, akapotea kati ya malori, hakuna ambaye angemjua. Miguu yake ilikwenda mbele. Akainua nikabu.

"Ni zangu," akasema. Akasogea mpaka kwenye baiskeli. "Kanga ni zangu mimi."

Ofisa kijana akamtazama, akaitazama baiskeli, akamgeukia Raudha. "Ba Raudha, unamfahamu mama huyu?"

"Ni mama yangu mzazi."

"Sasa kwa nini alizitia humo bila kukwambia? Alikuwa na nia gani?"

Mwanamvita akamtazama binti yake. Alimwomba kwa macho neno moja la kumfunika, neno laini, kama yale mengi aliyomsemea yeye kila ofisi tangu utoto. Raudha alikuwa na machozi machoni, lakini alikuwa anamtazama sawasawa.

"Muulize mwenyewe, mukwai," akasema. "Mdomo anao."

Kanga zilibaki ng'ambo. Faini aliilipa, na maswali aliyajibu moja moja kwenye benchi la ofisi, huku Raudha amekwishalipa ushuru wake mdogo dirishani na kwenda zake saluni, maana mteja alikuwa anasubiri. Hakumngoja mama yake, na Mwanamvita hakumwomba amngoje.

Jioni binti alirudi, akaegesha baiskeli ukutani mahali pake. Mwanamvita alikuwa jikoni anasonga ugali kwa nguvu kuliko ugali ulivyohitaji.

"Ile kamba," akauliza bila kugeuka. "Pale ukumbini. Mlikuwa mnafanya nini?"

"Ulichungulia?"

"Nilipita tu."

Raudha akacheka, kicheko kifupi. "Madam Scola alituambia kila mtu ataje mahali ambapo watu humwona kama mtoto. Mimi nikasema kizuizini. Basi tukafanya mazoezi ya kukataa kuhurumiwa. Si rahisi, mama. Mara ya kwanza nilisema nikatazama chini, akanirudisha."

"Na kwa nini hukuniambia habari za vitambaa?"

"Ningekwambia, ungekuja kunisemea bei."

Mwanamvita akafungua mdomo ili akatae. Akaikumbuka ile seti ya kwanza. Akaupakua ugali.

Wiki iliyofuata baiskeli ilikwenda Mlowo na kurudi. Raudha alikuwa amempelekea Ambilikile achomelee lile droo lifungwe moja kwa moja. Hapo kabla aliliacha kusudi, ili maofisa waone kwamba halina kitu. Sasa alisema hana haja ya kuwaonyesha tena. Hakumuuliza mama yake. Fundi naye hakuuliza la nini.

Januari wakafika stendi na mapema, ukungu haujaondoka. Baiskeli ilifungwa juu ya basi kwa kamba, na wapagazi wawili walimpandisha Raudha kwa maelekezo yake mwenyewe, "shika hapa, siyo kwapani, shika hapa." Mwalimu Scola alikuja kumuaga. Mwanamvita alimtazama kwa pembe ya jicho. Mpaka siku hiyo hakuwa amemaliza kumshuku, na sioni kwa nini tudanganye kwamba alikuwa amemaliza.

"Mama Raudha," Scola akasema, "nina ombi."

"Ehe!" Mwanamvita akaruka, karibu afurahi. "Nilijua tu! Siku ile ile ya kochi nilijua kuna kitu unataka."

"Nataka uje Jumatano ukumbini. Uongee na wazazi wenzako. Mimi wananisikiliza, lakini hawaniamini."

Mwanamvita akamkagua kutoka viatu vya kamba mpaka kichwani. "Kwanza utakunywa chai," akasema. "Ukinywa, tutaongea."

Kondakta akaja na bunda la tiketi, akapita kiti hadi kiti. Alipofika kwenye kiti cha Raudha akatupa jicho kwenye miguu yake, akachungulia nje ya dirisha kwa Mwanamvita aliyesimama chini. "Mama, huyu wako anashuka wapi?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, lilikuwa tayari kwa miaka kumi na tisa. Mwanamvita akalishika hapo hapo.

"Muulize mwenyewe," akasema. "Mdomo anao."

Kisha akachukua pindo la kanga, akaziba mdomo wake kwa nguvu, neno lingine lisije likamponyoka, mpaka basi lilipowashwa.